Mgeni aliyechomoa pampu ya gapi wangu

Bado naisikia ile "tak" ya plagi ikichomolewa ukutani.

Nilikuwa jikoni napakua biriani. Shangazi alituletea mgeni leo mchana, mwanamume wa Ganjoni anayetaka kunioa. Niliposikia ile "tak", nilidhani amezima feni.

Tulipomaliza kula ndipo nikatazama tangi langu la samaki.

Gapi wote walikuwa juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Jike mmoja mwenye mimba alikuwa amelala ubavu.

Bwana akafurahi. "Waona? Wanisalimia!"

(Naam. Roho zinawatoka, nawe waitikia salamu.)

Pampu yao ya hewa alikuwa ameichomoa ili achaji simu.

Nikairudisha ukutani. Akacheka: "Mbona wanuna, bibiye? Hawa hata kukaangwa hawatoshi."

Shangazi akaninong'oneza, "Ni samaki tu, mwanangu."

Ni samaki tu, kweli. Lakini mtu asiyeuliza "hii ni ya nini?" kabla ya kuchomoa, nyumbani kwake mimi ataniuliza nini?

Mnaoona nimezidisha, semeni, nawasoma.

Jike anaogelea tena. Bwana aliisahau chaja yake, nami nimeshampa shangazi amrudishie, pamoja na jibu langu: hapana.