Hita Iliyomshinda Hamdun

Mtaani kwetu hapa mji wa Ibra, mtu akiharibikiwa na kitu humwendea Hamdun kabla ya kumtafuta fundi. Pasi, feni, mashine ya kufulia, hata redio ambayo mwenyewe keshaitupa, yeye huiokota na kuirudisha ikiimba. Tangu alipostaafu kazi ya serikali hajakaa na mikono mitupu. Neno moja tu halijapata kumtoka mdomoni, nalo ni kwamba kitu fulani kimemshinda. Mkewe, Azza, alikuwa akimtania kwamba hata siku atakayokufa yeye, Hamdun atakwenda kutafuta bisibisi. Azza alikufa kweli, na hita ya maji aliyoichagua mwenyewe bado imening'inia bafuni, kongwe, ina kutu pembeni, na Hamdun hataki kusikia habari ya kununua nyengine.

Msimu huu wa baridi binti yake, Maram, alijifungua mtoto wake wa kwanza kwa upasuaji, akaja kukaa arubaini kwa baba yake kama ilivyo ada. Mama hayupo, kwa hivyo aliyekuja kumlea ni shangazi yake, Bi Hajar, dada mkubwa wa Hamdun. Alifunga nyumba yake ya mji wa Sur akaja na kanga zake na mafuta yake. Bi Hajar ni mzaliwa wa Unguja, na kwake yeye mzazi asiyekandwa tumbo, mgongo na nyonga kwa maji ya moto hasa, huyo hajatoka uzazini. Azza alipomzaa Maram, aliyemkanda alikuwa ni yeye.

Siku ya kwanza hita ilifanya kazi kama mpya. Mvuke ulitoka mpaka koridoni, na Hamdun akamsikia binti yake akipiga ukelele bafuni. Bi Hajar alitoka anajifuta mikono, akasema hakuna mzazi asiyelia siku ya kwanza. Mambo hayo ni ya wanawake, baba hayaulizi. Hamdun akaenda sebuleni akaongeza sauti ya televisheni.

Siku ya pili hita ikakata.

Alifungua boksi la umeme koridoni akakuta breka ya hita, ile swichi inayokata umeme, imeshuka. Akaipandisha, akaiona taa nyekundu ya hita ikiwaka, akaridhika. Lakini Bi Hajar alipofungua bomba, maji yalitoka baridi. Breka ilikuwa imeshuka tena.

Hapo wasiwasi ukamwingia. Breka haikati bure. Ikikata, basi umeme unavuja mahali. Akamfikiria Maram, na mshono wake tumboni, kasimama kwenye sakafu yenye maji, mkono uko kwenye bomba la chuma. Akapiga marufuku mtu yeyote kuoga mle mpaka aruhusu yeye. Bi Hajar akamuuliza kama mzazi atakandwa kwa upepo. Kuchemsha maji jikoni na kubeba sufuria, mgongo wake haukubali tena.

Hamdun akaifungua hita. Koili ya kuchemshia ilikuwa imevaa chokaa, akaisugua kwa siki mpaka ikang'aa. Akabadilisha kidude kinachopima joto, akakaza nyaya, akafuata waya wa ardhi mpaka nje ya ukuta. Kisha, kwa kuwa hakujiamini hata yeye mwenyewe, akaingia kuoga wa kwanza, akasoma shahada kabla ya kushika bomba. Alitoka mzima, ndevu zinachuruzika, akatangaza kwamba hita imepona. Ilipofika saa ya kukanda, breka ilikuwa chini.

Tangu hapo chakula hakikumpita vizuri. Alikuwa akila tonge mbili anainuka kwenda kutazama boksi. Akimsikia Maram anafungua mlango wa bafu, hata kunawa tu, huacha alichoshika mpaka atoke. Mwisho akakubali kumwita Shihab, fundi umeme wa sokoni, jambo ambalo lilimuuma kuliko jino. Shihab alipima hita, akapima nyaya, akampa jibu kwa adabu.

"Ami, hita yako nzima," alisema. "Mimi sioni kosa."

Kama Shihab alidhani amemtuliza, alikosea. Kosa lisiloonekana ndilo linaloua, Hamdun alijiambia, na kama halimo kwenye hita basi limo ndani ya ukuta. Akaamua kuubomoa. Akamwambia Maram akusanye vitu vyake, yeye na mtoto watakwenda Fanja kwa wazazi wa mumewe mpaka nyumba iwe salama. Maram akainama kumfunika mtoto.

Asubuhi ya kubomoa, Hamdun alisimama mbele ya boksi apate kuzima umeme wa nyumba nzima. Mkono ukasita. Breka za boksi lile zina tabia moja, na yeye ndiye aliyeufundisha mtaa mzima: ikikata yenyewe, kidole chake cha kupandishia husimama katikati. Hiki cha breka ya hita kilikuwa kimelala mpaka chini kabisa. Siku zote hizi alikuwa akikisukuma juu bila kukitazama, kwa hofu tu. Umeme haushushi breka namna ile. Ni mkono wa mtu.

Hakumwita yeyote. Aliipandisha, akaenda kukaa jikoni, mlango akauacha wazi kidogo. Haukupita muda akamwona Maram anakuja polepole, mkono mmoja kaushika tumboni. Akatazama upande wa chumba cha shangazi yake, akanyoosha mkono, akaishusha.

"Maram," Hamdun aliita.

Maram aligeuka, machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Maji yake moto sana, baba. Siku ile ngozi ilibabuka, na kidonda kinavuta. Daktari kasema maji ya vuguvugu tu mpaka kikauke."

"Kwa nini usiniambie?"

"Mambo haya nikwambie wewe vipi?" Alijifuta uso kwa shela. "Na shangazi kafunga nyumba yake kwa sababu yangu. Kila akinishika ananiambia, mama yako nilimshika hivi hivi. Nitamkataza vipi? Wallahi, usimwambie."

Aibu ilimshika Hamdun mpaka shingoni. Ule ukelele aliusikia. Aliusikia vizuri sana, ndiyo maana akaongeza sauti ya televisheni. Mtoto wake hakuwa na mama wa kumwambia, na baba alikuwa juu ya ngazi anaisugua koili kwa siki.

Bi Hajar akatokea, kajifunga kanga kiunoni, ndoo mkononi. Akauliza kama hita imepona au bado.

Hamdun aliitazama breka, akamtazama binti yake.

"Dada," alisema, "hii hita imenishinda."

"Wewe?"

"Mimi. Nimefungua kila kinachofunguka, khalas, basi. Maji nitachemsha mimi jikoni, nitakuletea mlangoni kidogo kidogo."

Bi Hajar alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema kumbe uzee umeshabisha hodi. Hakuwa mtu wa kuficha kichekesho, na baada ya sala ya alasiri hakuna aliyekuwa hajasikia. Zakariya, jirani wa ubavuni, alipita mbele ya nyumba na feni yake mkononi, akaipeleka kwa Shihab. Hamdun alimwona dirishani, na iliuma.

Akarudi jikoni. Akamimina birika kwenye ndoo, akatia maji baridi, akachovya kiwiko kama Azza alivyokuwa akifanya Maram alipokuwa mchanga. Bado moto. Akaongeza baridi, akachovya tena, akaipeleka. Bi Hajar aliipokea akinung'unika kwamba maji yanafia njiani, na yeye akajibu kwamba koridoni kuna baridi.

Hakuondoka mlangoni. Hakusikia kilio. Alimsikia Maram akimuuliza shangazi yake, taratibu, mama alikuwaje siku ile aliyonizaa, na Bi Hajar akaanza kusimulia. Hamdun alisikiliza mpaka ndoo ikasukumwa nje, tupu, akaichukua akaenda kuteleka birika jengine.