Upande wa Madirisha

Mwalimu Zuberi alikuwa amefundisha darasa la nne miaka ishirini na tisa, katika shule moja tu ya Kabondo, kwa hiyo barua ya kumwita kwenye mafunzo ya siku tano aliipokea kama mtu mzima anayeitwa kufundishwa kutembea. Aliikunja, akamwambia mkewe Madina kwamba Jumatatu anakwenda kufundishwa kufundisha.

"Ni muzuri, papa Khadija," Madina akasema, akimwita kwa jina la binti yao. "Utapumzika kidogo."

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa parokia. Walikuja walimu thelathini na wawili: wengi wa mjini, wengine kwa mtumbwi wa injini kutoka Isangi, na wawili wa Bengamisa walioshuka kwenye pikipiki wakiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mkufunzi alikuwa Madame Tania, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Bunia. Hakupaza sauti hata mara moja, na Zuberi alirudi nyumbani kila siku akiwa amechoka bila kujua kwa nini.

Siku ya tatu ilihitajika mtu wa kutoa somo la mfano, wenzake wakijifanya wanafunzi. Wote walimtazama Zuberi. Fadhili, kijana aliyefundisha darasa la pili shuleni kwake, alipewa karatasi yenye mchoro wa viti vyote, akaambiwa atie alama kwenye kiti kila mara mwalimu anaposema na aliyekikalia.

Zuberi alifundisha sehemu za namba kwa kukata ndizi ya kupika. Alifundisha vizuri. Aliwachekesha mara moja, mahali pale pale alipokuwa akiwachekesha watoto kwa miaka ishirini na tisa. Wakampigia makofi.

Kisha Madame Tania akabandika karatasi ukutani. Mkono wa kuume wa mwalimu kulikuwa na alama arobaini na moja. Mkono wa kushoto, mbili.

"Na moja ya hizo mbili," Fadhili akaeleza, maana alikuwa mkweli kupita kiasi, "ni pale alisema munyamaze."

Mwalimu Émile wa Isangi, aliyekuwa amekaa kushoto, akasema alinyoosha mkono mara sita na kujibu kwa sauti mara tatu. "Mi nilifikiri papa iko na kasirani na mimi."

Zuberi akasema mchoro una makosa. Madame Tania hakubishana. Wakati wa chai alisimama kushoto kwake, akasema neno. Zuberi akaendelea kukoroga. Madame Tania akazunguka, akasimama kuume kwake.

"Papa, nilikuuliza kama sukari inatosha."

"Inatosha."

"Hilo sikio ni tangu lini?"

"Sikio gani?" akasema Zuberi, akaondoka na kikombe chake.

Nyumbani Madina alikuwa ameandaa lituma, ndizi za kuponda, na samaki. Zuberi akamsimulia habari ya karatasi, akitumaini kwamba naye angeicheka. Madina hakucheka.

"Minajua," akasema. "Ni tangu ile homa. Miaka sita sasa. Huone mi nakaa upande gani?"

Zuberi akatazama. Mkewe alikuwa ameketi kuume kwake, mbali na jiko, mahali ambapo ilimbidi ainuke kila mara alipotaka kupakua.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Siku ile nilikuwa nimekaa upande ule mwingine."

Zuberi akasogeza sahani. Darasa lake lilikuwa na watoto zaidi ya hamsini kila mwaka, na nusu yao walikaa kushoto kwake, upande wa madirisha. Miaka sita. Hakumaliza samaki.

Jumatatu iliyofuata alisimama mbele ya darasa, kitambaa cha kufutia ubao mkononi.

"Batoto, sikio yangu ya kushoto haisikie."

Malika, wa benchi la kwanza karibu na mlango, akasema kwa heshima: "Tunajua, Maître."

Ikabainika kwamba darasa zima lilijua. Upande wa madirisha ulikuwa na jina: waliuita Lubunga, kama ile komini, sehemu ya mji iliyo ng'ambo ya mto, kwa sababu ukiwa huko hakuna anayekuita. Aliyekuwa hajafanya zoezi aliwahi asubuhi ili apate nafasi Lubunga. Wengine walihamia huko Septemba, mwaka wa shule ulipoanza, kwa sababu waliona haya kusema mbele za watu, nao walikuwa hawajasumbuliwa tangu siku hiyo. Sasa ilikuwa Aprili.

Zuberi akaenda kusimama dirishani. Akamwomba Naomie, wa benchi la mwisho, asome sentensi moja. Naomie akasimama, akakishika kitabu vizuri kama wanavyokishika wanaosoma, akakitazama. Zuberi akangoja. Akangoja tena. Mtoto hakujua kusoma. Kabla ya kengele alikuwa amewapata wengine watano kama yeye.

Aliona aibu, wala hakuitafutia jina jingine. Alikwenda kwa directeur Arsène, mkuu wa shule, akamweleza yote.

"Bon, nimesikia," akasema directeur. "Lakini usiyaandike kwenye ripoti."

Zuberi akayaandika. Kisha akaanza kubaki na wale sita saa moja kila siku baada ya masomo, wote wakiwa wamepangwa kuume kwake. Julai wanne walipanda darasa. Wawili walirudia, na mmoja wao alikuwa Naomie.

Baba yake, Sadrack, aliyebeba abiria kwa toleka, alikuja shuleni, akaiegemeza baiskeli ukutani, akauliza mtoto amekosa nini.

"Hakukosa," akasema Zuberi. "Nilimwacha kimya miezi saba. Sikusikia, na sikumwita."

Zuberi alingoja matusi, na angeyapokea.

"Basi umurudishie hiyo miezi," akasema Sadrack.

"Nitamrudishia."

Septemba Naomie akaanza upya darasa la nne. Katikati ya Oktoba alisoma mbele ya wenzake ukurasa mzima juu ya kilimo cha muhogo, polepole, kidole kikifuata mstari. Alikosea maneno mawili. Zuberi akayasikia yote mawili, akamsahihisha.