Mama Mkwe Chini ya Kaunta

Mama yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na ulimi wake hauna breki. Mteja akimpangia namna ya kufanya kazi, humwachia mashine aendelee mwenyewe. Kuna mtu mmoja tu ambaye mama humwonea haya: shemeji yangu, mume wa dada. Kwa mkwe wake, mama huongea kama mgeni aliyekuja kuomba maji.

Shemeji alitaka kaunta ya jikoni ya jiwe la granaiti, ichomoze mbele watu wakae na magoti yao yaingie chini, na pasionekane hata bano moja la kuishikilia. Mama akamtengenezea vyuma bapa, vipana kama kiganja, akamwachia mafundi wa kaunta wavifunge. Unavichongea njia kwenye mbao za juu ya kabati, vizame vilingane nazo, ncha zinatokeza mbele kulibeba jiwe, kisha jiwe linavifunika. Ukisimama huvioni. Ukipitisha mkono chini, unavigusa.

Siku ya kuwakaribisha wageni kwenye nyumba mpya, shemeji aliipiga kaunta kofi.

"Hii kazi ya mama mkwe," akawaambia. "Chuma kimejificha humo."

Watu wakaegemeza viwiko. Wajukuu wawili wa mama walikuwa wamekaa chini ya kaunta wakichora.

Mama akapitisha mkono chini, huku na huku. Jiwe tupu. Akamvuta dada pembeni.

"Vyuma vyangu viko wapi?"

"Stoo, mama. Kuchonga kungechukua siku nyingine, na wageni walishaalikwa. Yaache leo, tafadhali."

Yaachwe leo, eti. Nilikuwa nimesimama nao. Vyuma viko stoo, sifa ziko jikoni, na watoto wako chini ya jiwe lililoingizwa na wanaume wanne wakihema. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya jiwe linaloanguka ni fupi zaidi.

Mama hakumgombeza mkwe wake. Aliwatoa wajukuu, akawasimamisha mlangoni, akakusanya gauni lake jipya, akaingia yeye, akaketi sakafuni. Ikabidi shemeji apige magoti ili waonane.

"Mama, toka huko tafadhali. Unaniaibisha."

"Si umesema ni kazi yangu, baba? Basi ikianguka, iniangukie mimi."

"Haiwezi kuanguka."

"Haya, waite wanao warudi hapa."

Shemeji aligeuka. Akawatazama watoto wake pale mlangoni. Kisha akainuka, akaanza kuwaomba wageni waondoe viwiko na vikombe vyao.