Bokilo Hapigwi

Hakuna mtu katika mtaa wa Kabondo aliyempelekea Angèle maneno mawili akarudi nyumbani na yote mawili. Alizaliwa Yanonge, kwa watu wa mto, na huu ulikuwa mwaka wa ishirini na tatu anauza samaki wa moshi sokoni Kisangani bila kumbembeleza mnunuzi hata mmoja. Mtu akigeuza samaki, akinusa, akigeuza tena, anaambiwa: "Papa, huyu amekufa, hatakujibu. Nunua ao acha." Watoto wanne aliwalea peke yake tangu baba yao aliposhuka na mashua kwenda Kinshasa akasahau njia ya kupanda. Yeye aliishia darasa la sita, wao wote walimpita.

Mwanamke huyo aliyejengwa kwa mawe alikuwa na ufa mmoja tu: kadi za Pori.

Kadi hizo huuzwa tano-tano katika pakiti. Kuna mamba, chui, okapi, mwindaji, mvuvi. Kila moja ina namba ya nguvu kwa juu, na chini yake mistari miwili ya Kifaransa, midogo kama mayai ya chawa. Unapanga zako mezani. Mwenye kadi ya nguvu zaidi anapiga yako, na ikipigwa imekwenda, inakuwa yake moja kwa moja. Watu wazima walizinunua wakisema ni za watoto. Watoto hawakuziona tena.

Kila Jumamosi baada ya soko walicheza kwenye baraza ya Papa Faustin, karani wa serikali aliyestaafu. Yeye ndiye mwenye cahier, daftari la sheria, kwa sababu karatasi ya sheria iliyokuja na kadi ilisema machache. Chui wawili wa nguvu moja wakikutana? Kadi ikilowa mvua namba ikafutika? Mchezaji akisimama kusalimia mgeni, zamu yake inapotea? Haikusema. Papa Faustin alisikiliza kelele, akakata neno, akaandika.

Sheria ya saba ilisema: bokilo, yaani mkwe, hapigwi. Iliandikwa siku ile Papa Djuma, mtu wa Maniema, alipojikuta ameketi mbele ya mama-mkwe wake, chui mkononi, na mkono ukakataa kushuka. "Nitapiga mama ya bibi yangu mbele ya watu?" alisema, jasho likimtoka. Hakuna aliyebisha. Mkwe ni mkwe, hata mezani. Hao waliochapa kadi labda kwao wakwe hawana haya.

Basi sheria hiyo hiyo ndiyo iliyomvua Angèle nguo.

Larissa, binti yake wa pili, alikuwa anakaa mtaa wa Mangobo mwaka mzima na miezi kwa kijana mmoja, Arsène, anayebeba mizigo kwa pikipiki njia ya Bafwasende. Huyo Arsène hajawahi kuja kujionyesha kwa mama wa binti, kama desturi inavyotaka. Hakuna tonton, mjomba wa kumsemea, hakuna barua, hakuna hata salamu ya kukaa kwenye kiti. Mlango wa Angèle aliujua, akipita anapiga honi. Mwaka mpya alimpa Larissa mkungu wa makemba, ndizi za kupika, aulete, akaona amemaliza kazi.

Siku moja akaja kucheza kwa Papa Faustin. Alikuwa na kadi nzuri, na zamu yake ilipofika aliinua mwindaji juu ya mamba wa Angèle. Mamba huyo Angèle alimpata baada ya pakiti kumi na tisa. Mdomo wa Angèle ukatangulia akili:

"Thubutu! Utapiga mama ya bibi yako?"

Arsène akashusha mkono taratibu. Alicheka kidogo. Papa Faustin akaandika: *Mamba ya Mama Larissa imeokoka. Sababu: bokilo.* Akatia tarehe.

Juma zima Angèle alihesabu samaki wake mara mbili-mbili bila kujua kwa nini. Jumamosi iliyofuata akaelewa. Arsène alipanga kadi zake, na katikati akaweka okapi, ambaye baraza nzima ilikuwa haijamwona kwa macho. Mamba anamshinda okapi. Angèle akainua mamba. Kijana akafunika okapi kwa kiganja.

"Hapana, Mama. Sheria ya saba. Mimi niko bokilo yako."

"Bokilo ya nani?"

"Yako, Mama."

"Nilikuona wapi? Ulikaa kwa kiti gani ya nyumba yangu?"

Delphine, muuza vitenge, ambaye mambo ya wengine ndiyo sukari ya chai yake, akasogeza kiti. "Alors, Angèle, makemba ya bonne année ulikulaka ama hukulaka?"

"Nilikula! Mutoto wangu ananiletea chakula, nimuulize imetoka shamba gani? Kama makemba inaoa, basi mimi niko bibi ya soko muzima!"

Watu wakacheka, lakini Papa Faustin hakucheka. Alilowesha kidole, akafungua cahier, akasoma kile alichoandika Jumamosi iliyopita, pamoja na tarehe.

"Mama Larissa, sheria haina sura mbili. Kama Arsène iko bokilo, okapi haiguswi. Kama haiko, mamba yako ilikuwa imekufa, unamupatia. Sema."

Angèle alitazama nyuso zile zote. Alijua kinachopimwa pale si kadi. Akisema ndiyo, kesho kabla ya saa mbili Delphine atakuwa amelitembeza neno soko zima: Angèle amempokea mkwe kwenye kadi, bila ukoo, bila kiti, bila neno la mzee hata mmoja. Nani tena atamwambia Arsène alete tonton yake? Larissa atabaki hivyo hivyo, mwanamke aliyechukuliwa kama mzigo wa Bafwasende. Na mlango huo ameufungua mama mwenyewe, kwa ajili ya mamba wa karatasi! Hasira ilimpanda kutoka miguuni, nusu ya kijana, nusu yake mwenyewe.

Akamsukuma mamba mpaka mbele ya Arsène.

"Chukua. Ilikufa, mimi njo nilikuwa naficha maiti. Papa Faustin, andika: Arsène haiko bokilo ya Angèle. Andika munene, Delphine asome bila miwani."

Kalamu ikakwaruza. Arsène alimshika mamba kama mtu aliyepewa sahani ya moto.

"Zamu ingali yangu?" Angèle akauliza.

"Ingali."

"Bon. Sasa hakuna mukwe hapa."

Okapi, bila mamba, hakuweza kumfikia tena, ila kadi nyingine za kijana mezani zilikuwa wazi. Kwa chui akampiga mvuvi. Zamu iliyofuata akampiga mwindaji, yule yule, kwa ile mistari midogo inayosema chui humvizia mwindaji hata akizidiwa namba. "Huyu ni ya honi," alisema. Akapiga tena. "Hii ni ya mwaka muzima." Kijana hakuinua mkono kujibu hata mara moja, ingawa mamba alikuwa naye. Mwisho mbele yake kulibaki kadi mbili.

Akakohoa. "Papa Faustin, kuuliza tu. Mutu akienda kujionyesha, anaenda na watu ngapi?"

Mzee akanyoosha mkono kwenye cahier.

"Acha hiyo!" Angèle akaipiga kofi cahier. "Hiyo haiandikwe kwa kadi. Hiyo iko ya nyumba yangu, na mimi njo nasema. Watu wane. Tonton yako mukubwa anaongea, wewe unakaa, unaangalia chini."

"Siku gani, Mama?"

"Mama ya nani?"

Delphine akaziba mdomo kwa kitenge.

"Siku gani, Madame Angèle?"

"Siku ya Mungu ya juma inayokuja, misa ikiisha." Akakusanya kadi zake, akazichanganya, akaanza kuzipanga upya, bila kumtazama. "Na mpaka siku hiyo, linda okapi yako."