Karatasi Niliyomwandikia Bibi wa Pujini

Nilipopata ufadhili ule wa utafiti nilivimba kichwa, na sioni sababu ya kuficha. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu huko bara, nikisomea kompyuta na taarifa za afya. Kila likizo ndefu idara yetu ilichagua wanafunzi wachache, ikawapa posho ya kujikimu na mwalimu wa kuwasimamia, ili wafanye utafiti wao wa kwanza kabla hata ya kumaliza shahada. Mama alitangaza mtaa mzima kwamba mwanawe anarudi Pemba kuwa daktari. Nikamwambia mimi si daktari. Akasema haidhuru, watu wameshafurahi.

Mradi wenyewe ulikuwa wa mwalimu wangu, mama mmoja Mkristo wa bara, mkali wa kazi na mpole wa maneno. Aliamini kwamba taarifa za mgonjwa ni mali ya mgonjwa, si ya daktari wala ya kabati la faili. Katika kituo kimoja cha afya, si mbali na Chake Chake, alikuwa ameweka programu ndogo ya kompyuta. Daktari akishajaza faili, mashine ilitoa karatasi ya Kiswahili chepesi inayomweleza mgonjwa ana ugonjwa gani, dawa zake zinafanya kazi gani, na arudi lini. Mimi kwa wiki kumi nilitakiwa kukaa na wagonjwa na kuona kama karatasi zile zinawafaa.

Hazikuwafaa. Bibi zetu walizipokea kwa mikono miwili, wakaniombea dua, wakazikunja na kuzifunga kwenye pembe ya kanga. Nyumbani zilisomwa na mtoto au mkwe, kwa namna aliyotaka yeye. Mimi kwenye fomu yangu nikawa naandika: hajui kusoma, hajui kusoma, hajui kusoma. Mpaka asubuhi moja nikamkuta mmoja wao kwenye foleni ameshika juzuu ya Kurani, anasoma, midomo inacheza, bila miwani wala wasiwasi. Niliona haya mpaka nikaenda kusimama nje. Wanawake wale walikuwa wakisoma maisha yao yote. Ni herufi zetu tu wasizozijua. Bibi yangu mwenyewe aliniandikia barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu miaka yote niliyokuwa skuli ya bweni, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale nikiwaandika wenzake kuwa hawajui kusoma.

Basi nikaanza kuziandika upya kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Mashine haikuweza, ilikosea herufi za *p* na *ch* na *v*, ambazo bibi alinifundisha kuziongezea nukta zake. Kila jioni nilikaa barazani kwetu na kalamu ya ncha pana na rundo la karatasi, nikahamisha neno kwa neno. Mwalimu wangu alipoziona alishindwa kujizuia, akanikumbatia mbele ya wauguzi. Alisema hiki ndicho kitu ambacho yeye peke yake asingekigundua hata akae Pemba miaka ishirini. Nikavimba kichwa mara ya pili.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Pujini, mwembamba, mwenye macho ya kuchunguza, anayesumbuliwa na tumbo. Alikuwa akiletwa na mwanawe wa kiume, mwalimu wa skuli ya msingi. Sijaona mtoto aliyemtunza mzazi vile. Alikuja na chupa ya uji na mto wa kumwekea mgongoni, na daktari akiuliza swali, yeye ndiye aliyejibu. Karatasi ya mashine ikitoka, aliipokea yeye na kumsomea mama yake palepale: vidonda vya tumbo, usile pilipili, usile ndimu, utapona inshallah. Nilikuwa nimekaa karibu yao nikijaza fomu, na maneno yale yalinipita tu. Karatasi yenyewe sikuitazama.

Wiki ya sita mwanawe huyo alikuwa na mitihani skuli, na bibi akaja na jirani. Nilikuwa nimeshamwandikia karatasi yake usiku wa jana, na niliona fahari kumpa. Nilimwambia, "Hii Bi usimpe mtu akusomee. Soma mwenyewe."

Alicheka. Akaiweka mapajani, akatia kidole chini ya mstari wa kwanza kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Nilikaa kumsubiri anisifu. Alifika mstari wa tatu akasimama. Akarudi mwanzo wa mstari, kama anavyorudi mwanafunzi aliyekosea mbele ya mwalimu, akasoma tena. Akasimama palepale. Hapo ndipo mimi nami nilipoangalia kilichokuwa chini ya kidole chake. Kwa mkono wangu, kwa hati nzuri, nilikuwa nimeandika kwamba ana saratani ya ini, imeshaenea, na dawa anazopewa ni za kupunguza maumivu.

Kwetu habari kama hiyo hapewi mgonjwa. Daktari humwita mkubwa wa nyumba pembeni, naye huibeba, na nyumba nzima hukubaliana uongo mmoja wa kumlinda. Nilijua. Babu yangu alikufa akiamini ana baridi yabisi, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomwambia hivyo. Mwalimu wangu wa bara hakujua, lakini mimi sina kisingizio chake. Niliandika neno lile bila kulisikia, nikishughulika na nukta.

Bibi aliinua uso. "Mwanangu," akasema, "hili neno ndilo lililoko kwenye mashine, au weye umekosea?"

Ningeweza kusema nimekosea. Angeniamini, maana mimi ni mtoto wa juzi. Nilimtazama, nikaona kwamba ameshajua, na kilichobaki ni kuona kama na mimi nitamdanganya.

"Ndilo lililoko, Bi."

Jirani yake alikuwa dirishani anapokea dawa, hakusikia kitu. Kisha bibi akasema, "Nna ndugu yangu Kengeja. Nilikuwa nangoja aje yeye mwanzo. Mie ndo nkubwa, nkasema nkubwa hamwandami ndogo. Nilijua muda upo."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nilijichukia kwa kulia kwangu.

Habari ya ndugu huyo aliniambia mwenyewe, kwa maneno machache. Vilipokuja vyama vingi, waume zao walikwenda mmoja chama hiki, mwingine kile. Mwanzo ilikuwa utani, halafu watu wakaacha kununua duka moja, wakaacha kupanda gari moja, wakaacha kuzikana. Mume wa bibi alipofariki, ndugu huyo hakuja. Toka siku hiyo hawakusemezana, na waume wote wawili walikuwa wameshaingia makaburini na siasa zao. Aliomba kalamu yangu. Nyuma ya karatasi ileile akaandika mistari minne, akaikunja akanipa nimpelekee mdogo wake. Sikuisoma.

Kesho yake nilipanda gari ya abiria hadi Kengeja bila kumuaga mwalimu wangu, jambo ambalo lilikuwa kosa la pili. Nilimkuta mdogo mtu uani anamenya muhogo, sura ileile, macho yaleyale. Nikamwamkia, nikajieleza, nikampa karatasi. Aliupitishia mstari kidole, namna moja na dada yake, maana walisoma kwa mwalimu mmoja. Alipomaliza aliigeuza, akasoma na upande wangu. Kisu kikamtoka mkononi.

"Mbona mwanawe kaniambia vidonda vya tumbo?" akasema. "Nilionana naye njiani Chake, nkamwuliza nini kinamsumbua dadangu. Kanambia vidonda vya tumbo, si kitu. Nkasema basi, akipona ntakwenda, nsije nkaonekana nnamwendea kwa maradhi." Akainuka, muhogo ukabaki uani, akaingia ndani kuvaa buibui.

Alifika Pujini jioni ileile. Sikuwapo walipoonana na sikustahili kuwapo. Niliambiwa tu kwamba hawakuombana radhi wala hawakulaumiana. Mdogo mtu aliuliza mafuta ya nazi yako wapi, akakaa kitandani akaanza kumsuka nywele mkubwa. Walipata siku kumi na tisa.

Mwalimu wangu hakunipigia kelele. Aliliondoa jina la bibi katika utafiti, akanikalisha chini tukaandika upya utaratibu: kabla ya karatasi yoyote, mgonjwa aulizwe mwenyewe anataka kujua nini, na nani mwingine aambiwe. Aliniuliza kwa nini hatukuanza hivyo. Tulitazamana, maana swali lilikuwa letu sote wawili. Utaratibu ule ulisifiwa sana baadaye, na jina langu limo.

Nilikwenda matangani siku ya tatu. Wanawake walikuwa ndani wanasoma Kurani, na mdogo mtu aliniita nikae naye, akanishika mkono mbele ya watu wote. Aliwaambia mimi ndiye niliyemrudishia dada yake. Nilitamani kuamini kwamba habari imeishia hapo.

Wakati wa kuondoka mwanawe alikuwa amesimama nje, anapokea wanaume wanaokuja kutoa mkono wa tanzia. Nikamwambia nimekuja kumtaka radhi. Alinitazama bila hasira, na hiyo ikawa mbaya zaidi.

"Mama kanisamehe," akasema. "Kasema mbele ya watu, kila mtu kasikia. Kasema mwanangu hakunifanyia ila mema." "Lakini toka siku ile akitaka maji anamwita mama mdogo. Mie nimekaa pale pale, gilasi iko mbele yangu, na anamwita mama mdogo. Siku kumi na tisa. Nlilibeba mie peke yangu miezi mitano lile neno, ili yeye asilibebe, na hakupokea tena hata maji mkononi mwangu."

Nilimwambia tena nisamehe, akasema tumesameheana, kama watu wote wanavyosema, kisha akageuka kumpa mkono mzee aliyekuwa amefika nyuma yangu.