Sufuri Niliyoandika Kwenye Matete

Nilipokuwa kijana mwenye diploma mpya, mji wetu wa Lubumbashi bado ukiitwa Élisabethville, nilifanya kazi kwa Mbelgiji mmoja aliyechunguza samaki. Alitaka kujua vitoto vya samaki vinakaa wapi pale mto Lubumbashi unapoingia katika mto Kafubu, bila kuvua mto mzima. Njia yake: mahali kadhaa upime kina, joto na majani, uchote kwa wavu, uhesabu, halafu kwa vipimo hivyo ukisie palipobaki.

Kupima nilipewa mimi. Penye mchanga nilichota kweli. Kwenye matete matope yalifika kiunoni, nami nilivaa soksi nyeupe hadi magotini. Nikaandika sufuri bila kuingia. Bwana aliniamini. Ramani ikatoka: mchangani vitoto tele, kwenye matete hakuna. Basi wanawake waliovua mtoni kwa vikapu wakakatazwa mchangani, wasimalize vitoto, na matete, kwa kuwa yalisemwa hayana samaki, yakapangiwa kufyekwa Jumatatu, kwa sababu ya mbu.

Jumapili baada ya misa dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya, mmoja wa wavuvi hao, alikuja kwangu. Hakukaa.

— Mudogo yangu, ni weye uliandika mu matete hamuna samaki?

— Yaya, nilipima.

— Ulipima na nini? Na macho? Bakikata ile matete, mwaka ingine tutakula muchanga. Tosha soksi, twende.

Nikazivua soksi, nikamfuata. Wenzake walikuwa wameshafika mtoni, wakanitania.

— Karani, ingia! Chura haiwezi kula karani!

Niliingia. Dada alipitisha kikapu chini ya mizizi iliyooza, akakiinua. Vitoto vilijaa, vyembamba kama sindano, macho tu yakionekana. Nikatia kipimajoto: maji yalikuwa ya uvuguvugu, yametulia.

— Na kule muchangani? nikauliza.

— Kule inapita tu, sawa bantu ku gare ya treni.

Njia ya Bwana ilikuwa sahihi. Kilichoiharibu ni sufuri yangu.

Jioni ile ningeweza kwenda kwa Bwana. Niliogopa, nikalala. Asubuhi ya Jumatatu nikamwambia: sufuri zile ni za uongo, sikuingia majini. Akaandika barua ya kusimamisha ufyekaji, akanituma nikimbie nayo mtoni. Nilikuta sehemu kubwa ya matete imeshalazwa chini. Hilo ni langu, wala sina wa kumsukumia.

Nilishushwa hadi kuosha nyavu. Lakini Bwana alimwita dada yangu, akapima upya, dada akimwonyesha pa kuchota. Matete yaliyosalia yakaachwa, na wanawake wakaruhusiwa tena mchangani.

Mvua zilipokuja, pale palipofyekwa pakachipua. Bwana alikisia kwamba vitoto vingerudi hapo kabla ya matete kufika kimo cha mtu. Tukaenda kuangalia, matete yakiwa bado magotini. Dada alichota mara moja, akahesabu vitoto kwa sauti hadi kumi na moja, kisha akainamisha kikapu polepole, vyote vikarudi majini.