Chokaa na Benchi la Mlangoni

Mimi ni mwalimu wa ubatizo, na nimechoka. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani nimelificha. Kwa miaka ishirini na miwili nimewafundisha wanaotaka kubatizwa, kila Jumamosi saa tisa alasiri, katika chumba cha pembeni chenye bati linalowaka joto na viti saba, kimoja kibovu. Magoti yangu yamekwisha. Sauti ilikwisha kabla ya magoti. Lakini nataka kuandika habari za mtu mmoja aliyenichosha kuliko wote, ingawa hakuwahi kunisumbua hata siku moja.

Tulimwita Chokaa. Alikuwa mtengeneza ngozi, na banda lake lilikuwa nyuma ya nyumba yake, kule bondeni karibu na mto, lenye mashimo manne yaliyosakafiwa kwa saruji. Ngozi mbichi zilimfikia kutoka machinjioni zikiwa zimepakwa chumvi. Alizitumbukiza katika maji ya chokaa mpaka manyoya yalegee, akazitandaza juu ya gogo na kuzikwangua kwa kisu chenye mipini miwili, kisha akazilaza katika maji ya magome ya miti wiki baada ya wiki. Nusu ya viatu vya mtaa wetu vilianzia mikononi mwake. Mikono yenyewe ilikuwa ya kahawia mpaka kwenye viwiko, na hakuna sabuni iliyoweza kuitakatisha. Na harufu, jamani! Sitazunguka mbuyu: alinuka.

Mkewe alikuwa muumini wetu. Nilimfundisha mimi mwenyewe akiwa msichana, na alikuwa mwepesi wa kushika maneno kuliko wote darasani mwake. Baadaye Chokaa naye akaanza kuja kanisani, akamfuata mkewe, akakaa pale wanapokaa wote ambao hawajabatizwa: kwenye benchi la mlangoni. Ndiyo kawaida yetu. Mume na mke walifika pamoja, wakaachana mlangoni, mke akaenda mbele, mume akaketi nyuma na upepo.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tunashiriki Meza ya Bwana. Kabla ya mkate na kikombe, mzee mmoja wa kanisa husimama na kusema, "Wa mlangoni, nendeni kwa amani." Basi wa mlangoni huinuka na kutoka. Chokaa alikuwa akitoka na mkoba wa mkewe, kwa sababu mke hakupenda kwenda mbele ya Meza na mkoba, na akasimama nao uani, mkoba mwekundu wa kike kwenye kiganja cha kahawia, mpaka ibada iishe. Watu walimtania kwamba siku moja atatoka na kanga yake pia. Alicheka nao. Miaka kumi na mmoja alisimama hapo.

Kwa nini hakubatizwa? Kwa sababu ngozi iliyo kwenye chokaa lazima igeuzwe kila siku. Ukiiacha siku moja imelala vilevile, inashika madoa na kuoza upande mmoja, na kazi ya mwezi inakuwa chakula cha mbwa. Kwa hiyo kila Jumapili alfajiri Chokaa aligeuza ngozi zake kwa nusu saa, akaoga, akaja kanisani. Na kanuni yetu inasema afanyaye kazi siku ya Bwana asipokelewe. Kila mwaka, mwishoni mwa mafundisho, mimi ndiye niliyejaza daftari la kupeleka kwa wazee. Miaka miwili ya kwanza alikuwa kweli bado anajifunza. Baada ya hapo alikuwa anajua kila kitu, hata maswali ambayo mimi nayasahau, nami kila mwaka nikaandika mbele ya jina lake neno moja: bado. Niliandika hivyo kwa kuwa sikutaka kugombana na wazee. Kisha nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: "Vumilia, baba, Mungu ana wakati wake." Mungu wa watu! Nilimsingizia Mungu uchovu wangu.

Mwaka jana mkewe akaanza kuvimba miguu. Ikagundulika kwamba ni moyo. Jumamosi moja akaja darasani kabla ya wengine, ameshika ukuta njia nzima, akaketi kwenye kile kiti kibovu kabla sijamwonya.

"Mwalimu," akasema, "daktari hakunificha. Mimi si wa mwaka mwingine. Nataka nile Meza na mume wangu mara moja. Moja tu."

"Nitazungumza na wazee, mwanangu."

"Ulisema hivyo mwaka juzi."

Ni kweli, nilikuwa nimesema. Nikajifanya natafuta chaki.

Somo la siku hiyo lilikuwa lile ninalolifundisha nusu usingizini: jinsi watu wa mataifa walivyoingizwa kundini. Siku zote nililisoma kutoka kwenye daftari nililorithi kwa mwalimu aliyenitangulia, ambaye alikuwa amelifupisha vizuri. Siku hiyo daftari nilikuwa nimelisahau nyumbani. Basi nikamwambia mshonaji mmoja, binti aliyekuwa anasomea ubatizo, asome Kitabu chenyewe kwa sauti, mimi nipumzishe koo.

Habari mnaijua. Wafuasi wa kwanza wote walikuwa Wayahudi, na walidhani mgeni akitaka kuingia lazima kwanza awe kama wao: atahiriwe, ale wanavyokula, ashike siku wanazoshika. Mtume mmoja, mvuvi wa zamani, akapanda darini kusali mchana na njaa yake. Akaona shuka kubwa likishushwa kutoka juu, limejaa wanyama wa kila namna, na sauti ikimwambia achinje ale. Akakataa: hajawahi kula kilicho najisi. Akaambiwa asiite najisi alichokitakasa Mungu. Mara watu wakabisha hodi, wametumwa na akida wa jeshi, mtu wa mataifa, kumwita nyumbani kwake.

Lakini binti alikuwa anasoma kila neno, wala haruki. Ndipo akafika pale palipoachwa kwenye daftari langu, panapotajwa nyumba ambayo yule mtume alikuwa amefikia. Ilikuwa nyumba ya mtengeneza ngozi, kando ya bahari.

Darasa likaangua kicheko. "Chokaa, ndugu yako huyo!"

Chokaa hakucheka. Akainua mkono wake wa kahawia kama mtoto wa shule. "Mwalimu, arudie hapo."

Binti akarudia.

"Alikaa kwa huyo mtu siku ngapi?"

"Siku nyingi," nikasema. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Akakuna kidole gumba. "Basi alinuka," akasema.

"Nani?"

"Mtume. Mimi naijua hii kazi, Mwalimu. Ukilala kwenye nyumba yenye ngozi siku mbili tu, inakuingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye mkate. Huyu kakaa siku nyingi. Kala hapo, kalala hapo. Kisha kaenda kwa yule mkubwa wa jeshi, msafi, mwenye watumishi. Sisi tunasoma kama vile mtume ndiye aliyejikaza kuingia kwa mtu najisi. Mbona hakuna anayesema yule akida naye alimfungulia mlango mtu anayenuka kama mimi?"

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia bati likilia kwa joto. Miaka ishirini na miwili nimefundisha somo hili, na nilikuwa nimeliruka banda zima la ngozi, kwa kuwa lilikuwa limerukwa na aliyenitangulia. Niliona haya, na haya yenyewe ilikuwa nzito kuliko magoti.

Alhamisi nikaenda kwenye kikao cha wazee. Kilikuwa ofisini, viti vya plastiki, Mchungaji na wazee watatu. Aliyekuwa na neno zaidi ni yule tunayemwita Mzee wa Maziwa, kwa ajili ya ng'ombe wake kumi na wawili. Ni mtu mwema, nisimsingizie. Nilipougua alinitumia maziwa mwezi mzima.

Niliwaeleza habari za mgonjwa, nikaomba Chokaa abatizwe na kupokelewa Jumapili ya Meza inayokuja.

"Mwalimu, sheria ni sheria," Mzee wa Maziwa akasema. "Afunge mashimo yake, tutampokea kesho."

"Mzee, Jumapili iliyopita ng'ombe wako walikamuliwa?"

"Ng'ombe hajui Jumapili, Mwalimu."

"Kumbe! Akiwa hai hajui Jumapili, akishachinjwa ndio anaijua?"

Mchungaji akaingiza uso kwenye leso. Mimi sikuwa natania. Nikawakumbusha kwamba neno hilihili liliwahi kuamuliwa na mitume wenyewe, kikaoni, baada ya ubishi mrefu. Wapo waliotaka wageni wabebeshwe sheria yote kwanza. Yule mvuvi akasimama, akauliza kwa nini wawavike wenzao nira ambayo wao na baba zao walishindwa kuibeba. Mungu alikwisha kuwapa wale wageni Roho wake nyumbani kwa akida, mahubiri hayajaisha, ruhusa haijaandikwa. "Hakungoja daftari la mwalimu," nikasema, na sauti yangu mbovu ikakatika hapo.

Mzee wa Maziwa akainamisha kichwa. Kisha akasema polepole, "Si Jumapili tu, Mwalimu. Tuseme ukweli. Tunakunywa kikombe kimoja."

Hapo ndipo mzizi ulipokuwa. Kanisani kwetu kikombe ni kimoja, kinapita mkono kwa mkono, mdomo kwa mdomo, na mzee anayekibeba hunywa wa mwisho, amalize lisibaki tone. Miaka yote hiyo hatukuwa tunailinda Jumapili. Tulikuwa tunaukinga mdomo.

Mchungaji akatoa leso usoni, na safari hii hakuwa anacheka. "Atapokelewa," akasema. "Na mzee wa zamu atabeba kikombe kama kawaida."

Mzee wa zamu alikuwa Mzee wa Maziwa.

Wiki mbili baadaye Chokaa akabatizwa asubuhi, shati jeupe, mikono ileile. Lakini mkewe hakuwepo. Tangu Ijumaa hakuweza kusimama. Kwa hiyo Chokaa akamwomba Mchungaji Meza yake ya kwanza asiile kanisani, aisubiri nyumbani, maana kwetu mgonjwa hupelekewa. "Nimesubiri miaka kumi na mmoja kula naye," akasema. "Nikimtangulia leo nitakuwa nimefanya nini?" Ilipotangazwa, "Wa mlangoni, nendeni kwa amani," alitoka kwa hiari yake. Mkononi hakuwa na mkoba, na alionekana hajui aiweke wapi hiyo mikono.

Baada ya ibada tukateremka bondeni, Chokaa mbele, mimi na magoti yangu, Mzee wa Maziwa nyuma na kikombe kilichofunikwa kitambaa cheupe. Harufu ilitupokea mbali. Kwenye kizingiti Mzee akasita. Nilimwona anavuta pumzi ya nje, kama mtu anayetaka kupiga mbizi.

Chumba kilikuwa kidogo na safi sana. Mke wa Chokaa alikuwa ameegemezwa kwa mito mitatu, midomo imegeuka rangi. Akamwona mzee wa kanisa amesimama mlangoni.

"Ingia, mzee wangu," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa hatuna benchi la mlangoni."

Akaingia. Tukasali kwa ufupi, kwa kuwa mgonjwa alichoka haraka. Mkate ukapita. Mke akanywa kidogo, Chokaa akakishika kikombe pamoja na kitambaa chake kwa mikono yote miwili, akanywa, nami nikanywa. Kikamrudia Mzee wa Maziwa. Kulikuwa na alama ya kidole, ya kahawia, kwenye kitambaa cheupe. Akaitazama. Chokaa naye aliiona, akatazama sakafu. Mzee akageuza kikombe, akanywa palepale aliponywea Chokaa, akainamisha mpaka tone la mwisho.

Chokaa akafuta macho kwa kiwiko, akaomba radhi: asubuhi, kwa kukimbilia ubatizo, ngozi hakuzigeuza. Akatoka kwenda bandani. Mzee wa Maziwa akatazama saa yake, akakumbuka ng'ombe, naye akaaga. Nikabaki mimi na mgonjwa, tukisikia maji ya chokaa yakibubujika nyuma ya ukuta.

"Mwalimu," akasema, macho kayafumba. "Kumbe ni dakika tano."

"Nini, mwanangu?"

"Hiki mlichotuletea. Dakika tano tu." Akapumua. "Uliandika 'bado' mara ngapi?"

Ningeweza kusema sikumbuki.

"Mara tisa," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akikubali. Akanyoosha mkono, nikaushika, na ulikuwa na harufu ileile ya mumewe. Nilikaa naye hivyo mpaka Chokaa aliporudi kutoka bandani, na siku kumi baadaye tukamzika.